Fundi Aliyejiambia Njoo Kesho

Hebu niambieni, wenzangu: fundi anayepima vifua vya watu kutwa nzima, cha kwake nani atakipima?

Palikuwa na fundi cherehani, mama mpole, kibanda chake kinatazamana na zahanati. Yeye akishona, wifi yake, dada wa mumewe, akipiga pasi, na utani wao ulisikika hadi barabarani. Asubuhi moja pasi ikasimama.

"Wifi, gauni hili la nani? Kifua kimependelea upande mmoja."

"La mteja."

"Mteja gani aliyevaa kitambaa chako?"

Fundi hakuinua kichwa. Alikanyaga cherehani kwa kasi mpaka uzi ukakatika. Titi lake la kushoto lilikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa, nao ulikuwa ukikua. Kila alipojishonea nguo alipanua upande ule, akatia marinda mawili matatu, macho ya watu yakapita. Kuficha kasoro za mwili ndiyo sifa ya fundi mzuri. Lakini jamani, marinda hayatibu.

Wifi akaja akasimama mbele yake. "Ule uvimbe unauma?"

"Hauumi. Ndiyo maana nasema si kitu. Nikimaliza sare za wanafunzi nitaenda."

"Ulisema ukimaliza nguo za harusi. Muuguzi anavuka barabara kutuita tukapimwe, nawe unamwambia njoo kesho, kama mtu anayedai sketi yake."

Fundi akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Wakinikata je? Kaka yako atanitazama vipi?"

"Kaka yangu hajui hata rangi ya pazia lake. Vaa viatu."

Kule zahanati muuguzi alipapasa titi, akapapasa na kwapa, akakawia hapo. Fundi alimkazia macho usoni, vile wateja wanavyomkazia yeye futi ya kupimia inapokataa kukutana kiunoni. Akaandikiwa kwenda hospitali kubwa, akachomwa sindano ya kutoa kinyama cha kupimwa. Siku za kungoja majibu alishona mikono ya blauzi ndani nje, akafumua, akarudia.

Ilikuwa saratani.

"Nimechelewa?" akamuuliza daktari.

"Umechelewa, mama. Ungekuja mwanzo matibabu yangekuwa mepesi. Lakini nafasi bado ipo, tusiipoteze."

Funzo

Uvimbe usiouma usikudanganye. Si kila uvimbe ni saratani, ila kukisia hakutoshi, kipimo ndicho kinachojua. Ukiona badiliko kwenye titi, nenda upesi. Na hata usipoona kitu, ukiitwa kupimwa, itika. Nawe uliye karibu naye, usimwambie tu nenda. Mpeleke.

Siku fundi alipolazwa aanze matibabu, wifi aliweka mfuko kando ya kitanda. "Haya, nirudi nikamalizie sare za watu."

Fundi akamshika kiganja. Maneno haya alikuwa nayo kifuani tangu siku alipokata gauni la kwanza la kuficha uvimbe.

"Waambie waje kesho," alisema. "Kaa na mimi, wifi. Naogopa."