Chumvi ya Tarehe Mosi

Kufuli la duka la Osward lilianza kutoka jasho. Duka lenyewe, pale Mlowo kando ya barabara kuu, alikuwa amelifunga miaka mitatu, tangu chumvi ya Ivuna ilipoacha kumlipa. Ila kila tarehe mosi kufuli lililowa. Mkewe, Loisi, akalifuta kwa kitenge, akaonja kidole.

"Baba Fides, ni chumvi."

"Ni ukungu," alisema Osward, ambaye hakukosa jibu kwa jambo asilotaka kulishughulikia.

Uani palikuwa na mashine mpya ya kukoboa mahindi chini ya turubai, na mvua zilishanukia. Ng'ombe wanne waliuzwa kuinunua. Bila chumba kile na bila leseni, ingeota kutu pale pale. Na leseni ilitaka karatasi ya ofisi ya kodi inayosema hadaiwi. "Nidaiwe nini, biashara sina?" alisema, akaahirisha.

Tarehe mosi Oktoba, saa saba mchana, akafungua mlango. Chumba alichokifagia kwa mikono yake mwenyewe siku ya kukifunga kilikuwa na lundo la chumvi mbichi, limefika kiunoni, likinuka tope la Ziwa Rukwa, na nyuma ya lundo, mahali pasipokuwa na mtu, koleo lilichota, mizani ikagonga chuma kwa chuma, koleo likachota tena, na sauti kavu, ya uchovu, kama ya mlinzi ambaye mwenzake hakuja kumpokea zamu, ikasema karibu kabisa na sikio lake, pumzi yake ikimwasha shingoni: "Karibu, mteja."

Osward hakukimbia. Miguu ndiyo iliyokimbia, yeye aliifuata.

Mchungaji alikuja akakemea mpaka sauti ikamkauka. Lundo halikupungua hata kijiko. Siku ya mwisho ya Oktoba, asubuhi, akafika mganga Kabula kutoka bondeni Momba.

"Bibi, tunyunyize chumvi?" Osward alinong'ona.

"Chumvi? Kwa jini wa duka la chumvi?" Kabula alimtazama kwa huruma, kisha akagonga mlango. "Nani humo?"

"Muuzaji."

"Duka limefungwa."

"Mlango ndio umefungwa. Barua ya kufunga iko wapi? Miaka mitatu nafungua duka, sina mshahara, sina likizo, na mwenye duka hapeleki hata sifuri. Nimechoka, mama."

Kabula akafunga mkoba wake. "Baba, huyu simtoi mimi. Anatolewa kwa muhuri. Hata mimi nina namba ya mlipakodi, nayajua. Kimbia."

Kule ofisi ya kodi, binti wa dirisha la tatu alimsikiliza bila kushangaa.

"Mzee wangu, kufunga mlango si kufunga biashara. Mpaka utuandikie kwamba umefunga, ritani, ile taarifa ya mapato, inaletwa kila mwaka kabla Juni haijaisha, hata mauzo yakiwa sifuri. Usipoleta, kila mwezi una adhabu yake."

"Na mwezi ukiwa na siku moja tu?"

"Siku moja ni mwezi. Leo thelathini na moja. Wahi."

Dirisha la tatu likampeleka la kwanza, la kwanza likamtuma kutoa kopi, kopi zikarudi, la kwanza likawa limekwenda kula. Muhuri uliangukia barua ya kufunga duka mlinzi akiwa ameshika funguo za ofisi. Adhabu akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo, na ile karatasi ya leseni akapewa.

Kesho yake kufuli lilikuwa kavu. Ndani, lundo halikuwepo. Koleo lilikuwa limeoshwa, limeegeshwa ukutani.

Mashine ikafungwa chumbani, leseni ikatundikwa, mahindi yakakobolewa. Mwaka uliofuata Osward alijaza ritani mapema, kwa mwandiko mzuri, akaisaini, akaiweka juu ya kabati, akajisifu.

Tarehe mosi Julai, saa saba mchana, walikuwa wakila. Umeme ulikuwa umekatika Mlowo nzima tangu alfajiri. Kule chumbani mashine ikakohoa, ikanguruma, ikaanza kukoboa, na harufu ya pumba ikaingia imechanganyika na tope la Rukwa.

Loisi akarudisha tonge sahanini.

"Baba Fides," alinong'ona, "ile karatasi uliipeleka?"

Osward akatazama juu ya kabati.