Chungu Kwenye Tuta la Mahindi

Ludovika wa Mjimwema alikuwa uani, akimenya majani ya maboga. Akasikia jembe shambani. Mumewe, Urbani, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye kazi ya tumbaku Namtumbo. Tangu lini Urbani akalima bila kuitwa?

Alimkuta ndani ya shimo, udongo hadi magotini. Mahindi yaliyoanza kubeba yalikuwa yamelala chini, tuta zima.

"Mama Domina, umaskini kwaheri!" Urbani aliinua chungu kidogo chenye tope la chumvi. "Alama ya Mjerumani hii! Rupia walizozika ziko hapa chini."

Huyo ndiye Urbani. Mwambie jogoo wa jirani ana cheo jeshini, atampigia saluti.

"Chungu hicho ni cha Sharifa," Ludovika akasema. "Yule binti wa Tunduru anayesomea miamba. Nilimruhusu akifukie ulipokuwa safarini."

"Basi naye anazitafuta! Nimeshamwambia rafiki yangu Aidani. Anakuja na wenzake wa Lizaboni, na majembe."

Ludovika akayatazama mahindi yaliyobaki. Ndicho chakula chao cha mwaka. Akampigia simu Sharifa. Kisha akachukua mchi wa kinu, akasimama mbele ya tuta.

Aidani na kundi lake walipofika, aliwaambia, "Atakayegusa bua moja, aanze na mimi."

Wakautazama mchi. Wakasimama mbali.

Muda si mrefu bodaboda ikamleta Sharifa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Haya, rupia ziko kina gani?" Aidani akauliza.

Sharifa akacheka. "Chungu changu hakioni rupia, mzee. Kinapima chini sana, kilomita nyingi."

"Huko ni bahari ya moto," Urbani akadakia. "Babu yangu alichimba choo, jembe likaungua mpini!"

"Hapana, Baba Domina. Huko ni mwamba mgumu, wenye joto kali. Ila mahali pengine una maji ya chumvi ndani yake, au umeyeyuka kidogo. Mama, ukitwanga karanga, mafuta yanatokea wapi?"

"Katikati ya chembechembe," Ludovika akajibu.

"Mwamba nao huanza kuyeyuka hivyo hivyo, katikati ya chembe zake. Sasa, ardhi ina umeme wake, mdogo sana. Jua na radi huuchochea. Penye maji ya chumvi au mwamba ulioyeyuka, umeme hupita kwa urahisi. Penye mwamba mkavu hupita kwa shida. Chungu hiki na vingine kama hiki vinaupima tu. Havivuti kitu."

"Vipimo hivyo vitatusaidia nini?" Aidani akauliza.

"Maji hayo na mwamba huo vinahusika na volkano, chemchemi za maji moto, hata baadhi ya matetemeko. Tukijua viliko, tutajua wapi pa kuangalia kwa makini. Lakini chungu kikitikiswa, kipimo kinaharibika."

Aidani akamgeukia Urbani. "Kumbe umetutoa Lizaboni kuja kuangalia karanga!"

Urbani akayatazama mahindi aliyoyaangusha.

"Fukia," Ludovika akamwambia.

Akafukia, Sharifa akimwelekeza. Tangu siku hiyo, kila aliyekuja na jembe alimkuta Urbani mpakani mwa shamba. "Kachimbe kwako!"

Mahindi yalikomaa, wakavuna, ukiacha lile tuta moja. Sharifa akarudi na mchoro wa rangi.

"Hapa umeme umepita kwa urahisi," akawaonyesha. "Kama ni maji au mwamba ulioyeyuka, bado hatujui. Tutalinganisha na vipimo vya mahali pengine."

Urbani aliushika mchoro kwa mikono miwili. "Yaani haya yametoka shambani kwetu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mwakani vyungu vileteni tena. Shimo nitachimba mwenyewe."

"Baada ya kuvuna," Ludovika akasema.