Fundi wa Jezi

Hakuna aliyemtarajia. Mazoezi yalikuwa yamepamba moto, wasichana kumi na wawili wakikimbizana ukumbini, viatu vikilia sakafuni, mara mlango ukasukumwa na kijana mmoja akaingia. Shati lake la bluu lilikuwa limenyooka kwa pasi, na tepu ya kupimia nguo ilining'inia shingoni.

"Nimetumwa na chuo," akamwambia kocha. "Nawapima jezi mpya."

Wa mwisho kupimwa alikuwa Mnara, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepewa jina hilo kwa urefu wake. Msimu wa kwanza aliumalizia benchi, akiwashikia wenzake taulo. Sasa timu nzima ilimtegemea chini ya kikapu.

Fundi alimtazama kuanzia viatuni, akapandisha macho taratibu.

"Dada, hapa kuna ngazi? Au nikuombe upige magoti?"

"Mimi simpigii magoti mwanamume."

"Basi nitapiga mimi." Akapiga kweli, akaanza kupima mguu. "Suruali zako zote zinaishia juu ya kifundo, au nadanganya?"

"Umejuaje?"

"Unavyoivuta hiyo. Utafikiri itaongezeka."

Mnara akacheka hadi kocha akapuliza filimbi. Fundi alipoondoka, kwenye daftari lake la vipimo, mahali pa upana wa kifua, palikuwa na namba ya simu ya Mnara.

Wakapendana. Kila asubuhi simu iliita kabla ya vipindi.

"Umeamka, twiga wangu?"

"Twiga mwambie mama mkwe wako."

"Nitamwambia lini na hunipeleki?"

Wenzake hawakumwacha apumue. "Mnara, bwana'ko akitaka busu anapanda juu ya cherehani?" Naye alijibu kwa kuwarushia mpira mgongoni.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha akaja meneja wa klabu kubwa ya wanawake, mama wa makamo mwenye suti ya kijivu na sauti ya chini. Alimkuta Mnara amesimama pembeni ya uwanja, mkono juu, fundi akimshonea jezi iliyochanika kwapani akiwa bado ameivaa.

"Nimekuona mechi tatu," meneja akasema. "Nakutaka. Ila msimu wa kwanza wachezaji wangu wanalala bweni, na mapenzi yanabaki nje ya geti. Mwaka jana wanaume walinipotezea wasichana wawili. Una mchumba?"

Mnara alihisi mkono wa fundi umesimama ubavuni mwake.

"Sina, mama."

"Na huyu?"

"Huyu?" Mnara akaangua kicheko. "Huyu ni fundi wa jezi tu. Hata jina lake silijui."

Timu yote ikacheka, maana wote walijua. Fundi alikuwa na pini nne kati ya midomo, asingeweza kujibu hata angetaka. Akazichomeka moja moja, akashona, akakata uzi kwa meno. Kisha akaondoka bila kumtazama mtu.

Mnara alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikilize. Ningesema ninaye, yule mama angeondoka."

"Najua. Ungesema 'sina' ukaishia hapo, ningekuelewa. Ulicheka."

"Niambie nifanye nini."

"Kwangu hakuna la kufanya. Ila yule mama mwambie ukweli kabla hujasaini."

"Nikimwambia, utarudi?"

"Hapana."

"Sasa unanitesea nini?"

"Umeniuliza, nimekujibu. Au nidanganye kama wewe?"

Mnara akafuta pua kwa kiganja. "Nitamwambia. Nakuahidi."

"Haya. Ucheze vizuri, dada."

Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko tusi.

Siku ya kusaini, meneja alikaa ofisini kwenye kiti cha kocha, mkataba mezani, kalamu juu yake. Mnara akaishika kalamu, akairudisha.

"Mama, siku ile nilikudanganya. Yule fundi alikuwa mchumba wangu."

Kocha akafumba macho. Meneja hakushtuka.

"Alikuwa?"

"Ameniacha."

"Basi huna mchumba. Tumemaliza. Saini."

Mlango wa klabu ulikuwa wazi hivyo, wa kupita bila kuinama. Mnara akautazama mkataba, jina lake limechapwa kwa herufi kubwa.

"Nilikuwa naye uliponiuliza, mama. Nikamkana mbele yake, nikamcheka."

Meneja akaikunja karatasi mara mbili.

"Mimi nakaa na wasichana kumi na tano bweni moja," akasema. "Mtu anayemcheka wake mbele ya mgeni, kesho atamcheka mwenzake, keshokutwa mimi. Niitie yule mrefu mwingine, namba kumi na mbili."

"Mama, kidogo tu..." kocha akaanza.

"Namba kumi na mbili."

Mnara akatoka. Msichana wa namba kumi na mbili alikuwa benchi, taulo za wenzake mapajani.

"Unaitwa ofisini," Mnara akamwambia, akazipokea taulo. "Akikuuliza una mtu, mwambie kweli. Na funga kamba za viatu kwanza, usijikwae."