Kata Kushoto kwenye Kichuguu

"Zima hiyo! Hapana, usizime. Rudisha nyuma nisikie tena."

"Baba, hiyo ni televisheni, hairudi nyuma," Eliza alisema.

Mzee Alute alikuwa ndiyo kwanza anatoka porini, bado na harufu ya moshi wa kurinia asali. Mizinga yake mitatu ilikuwa imerinwa na mtu asiyemjua. Sasa anaingia sebuleni kwake, hapo hapo Itigi, anakuta tamthilia ya *Wifi wa Tatu* inaanza na ule wimbo wake ambao nchi nzima ilikuwa imeushika. Magitaa ya umeme yanalia, ngoma zinapigwa kama mtu kakosewa, na kijana anaimba kwa uchungu:

*Ukivuka reli usigeuke nyuma,*
*kwenye kichuguu kata kushoto,*
*mninga wenye kovu, ndipo nilipo,*
*asali wangu, ndipo nilipo.*

"Anayeimba ni nani?"

"Peniel," alijibu Mama Eliza, ambaye tayari alikuwa anautikisia kichwa. "Yule aliyekuwa anapiga gitaa kwaya ya kanisani."

"Njia ya mizinga yangu ameijuaje?"

Eliza alitazama zulia. Jibu alikuwa nalo, ila si la kumpa baba mzazi. Mwaka mzima alikuwa akiaga kwamba anakwenda kuangalia mizinga, na chini ya ule mninga Peniel alikuwa anamsubiri na gitaa lake.

"Mzee, hao ni mashabiki," alidakia Leonard kutoka kwenye kochi. Leonard alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, na barua yake ya posa ilikuwa kabatini tangu mwezi uliopita. Siku hizi alikuja kila jioni kumpa mzee pole na kunywa chai ya watu. "Wanafuata wimbo, wanakuta asali, wanabeba. Huyo kijana amekuanika."

Mzee Alute alikaa chini. "Sawa. Jumapili nitaijibu barua yako, Leonard, na jibu utalipenda. Na mwizi wangu lazima apatikane. Na huyo Peniel asikanyage hapa."

Eliza hakumaliza hata chai. Alitoka uani akapiga simu Dar es Salaam.

"Mpenzi!" Peniel alipokea kwa furaha. "Umeusikia? Tuko namba moja!"

"Peniel, wewe una akili kweli? Reli umetaja, kichuguu umetaja, mninga umetaja. Ulibakiza kutaja jina la mbwa wetu!"

"Prodyuza aliniambia niandike kitu cha kweli, kitoke moyoni."

"Ungeandika kweli kidogo!"

"Nilikuwa nimekukumbuka, Eliza."

Hasira ya Eliza ilikuwepo, lakini moyo nao ulikuwa unafanya mambo yake.

"Utoe huo ubeti," alisema kwa sauti ya chini.

"Siwezi. Wimbo sasa ni wa tamthilia, nimeshasaini."

"Basi Jumapili napewa Leonard."

"Leonard yupi? Yule anayepiga honi hata akiwa kwa miguu?"

"Huyo huyo. Na mimi simtaki, Peniel. Fanya kitu."

Usiku huo kila mtu alilala na yake. Ni asubuhi, Eliza akiwa anachuja asali kwenye ndoo, ndipo akili ilipomjia. Mashabiki alikuwa amewaona mwenyewe siku zilizopita: wanakuja mchana, wanapiga picha na mninga, wanaondoka wakichechemea kwa miiba. Hakuna aliyepanda mti. Mwizi alikuwa mtu mwingine, na wimbo alikuwa anautumia kama ramani na kisingizio. Alichukua simu akaandika.

*"Ijumaa si unahojiwa redioni? Sema kwenye wimbo ulikosea. Kwenye kichuguu ni KULIA. Sema huko ndiko asali imejaa."*

*"Kulia si ndiko kwa Jenerali?"*

*"Ndiko."*

*"Eliza, wewe ni mtu hatari. Nakupenda."*

Jenerali ulikuwa mzinga wa juu kabisa, ambao Mzee Alute mwenyewe alikuwa hajaugusa miaka minne. Nyuki wake hawakuwa na utani. Ukipita chini hawana neno na wewe. Ukipanda, hapo ndipo utajua kwa nini mzinga huo ulipewa cheo.

Ijumaa saa nne asubuhi, Peniel akaungama hewani kosa lake kwa sauti ya majonzi kiasi kwamba mtangazaji naye aliguna. Akaimba ubeti upya: kata kulia.

Jumapili mchana Leonard alifika, koti jeusi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, na leso amejifunga shavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?"

"Anaumwa jino."

"Na wewe?"

"Na mimi jino."

"Wote wawili? Siku moja?"

Kabla hajajibu, hodi nyingine ikapigwa. Peniel aliingia, vumbi la safari mwilini na gitaa mgongoni. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa mbali," alisema Mzee Alute bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye sikio la Leonard, lililokuwa limevimba likawa kubwa kuliko kikombe cha chai alichokuwa amepewa. Akainuka polepole, akashika lile sikio, akachomoa kitu kidogo kwa kucha.

"Hili jino lako lina mwiba wa nyuki."

"Mzee, hiyo ni bahati mbaya, nilikuwa napita tu..."

"Unapita juu ya mti?"

"Lakini redioni amesema kulia!"

Leonard mwenyewe alisikia alichokisema. Akakitua kikombe, akaokota mezani barua yake ya posa, iliyokuwa imetolewa kabatini asubuhi, akatoka bila kuaga, na nje mbwa alimsindikiza hadi barabarani.

Mama Eliza alicheka hadi akajishika kiuno. Eliza naye alianza kucheka, lakini baba yake akamgeukia.

"Sasa mwizi tumempata. Limebaki swali langu la siku ile. Huyu kijana, njia nani alimwonyesha?"

Peniel alifungua mdomo. Eliza akamtangulia.

"Mimi, baba. Nampenda. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Alisubiri dunia imwangukie. Badala yake mama yake akafuta machozi ya kicheko.

"Alute, na lile kovu la kwenye mninga, alilichonga nani?"

Mzee Alute akakohoa. Akatafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

"Cecilia, hayo ni mambo ya zamani."

"Zamani ulinipeleka wewe, ukaniambia tunakwenda kuangalia mizinga."

Mzee alimtazama mkewe, kisha binti yake. Uso ukamlainika.

"Kijana," alisema mwishowe, "leta mshenga. Asiwe na jino bovu. Na mizinga mitatu utanichongea mwenyewe."

"Nitachonga sita, baba."

Miezi minne baadaye ukumbi ulijaa hadi nje. Peniel alishika gitaa, bibi harusi pembeni yake, na watu wote wakaanza kuimba naye. Walipofika kwenye mstari wa kichuguu, Mzee Alute akasimama, akamnyang'anya MC kipaza sauti.

"Kulia!" alipaza sauti. "Wote semeni kulia! Kushoto ni kwa familia tu!"