Mbwa Niliyeona Aibu Kumwita

Mimi ni bibi wa miaka sitini na saba, mkulima wa Bukiriro, wilaya ya Ngara. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu msiucheke. Nimezaa watoto sita, nimezika wawili, nimezika na mume. Nilidhani machozi yangu yaliishia kwenye makaburi hayo... Kumbe yalibaki ya mbwa!

Najua wapo watakaosema, bibi mzima analilia mbwa? Semeni. Ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mbwa wangu aliitwa Wachoyo.

Huku kwetu mbwa hapewi jina hivi hivi. Ukiwa na neno moyoni na huwezi kumwambia jirani usoni, unampa mbwa. Kila jioni unasimama uani, unamwita mbwa wako kwa sauti, na wa kusikia anasikia. Hakuna atakayekupeleka kwa mtendaji eti umemtukana. Umemwita mbwa wako tu! Yupo mzee kule bondeni, mbwa wake anaitwa Mtanikoma, na ndugu yake akajibu kwa kumwita wake Nikukomee Kwani Nani.

Mimi neno langu lilikuwa la Mama Restituta, jirani tunayepakana mashamba. Mwaka huo migomba yangu yote ilishikwa na mnyauko. Niliing'oa, nikaichoma huku nalia. Nikaenda kwake kumwomba machipukizi nianze upya. Akaniambia hana ya kunipa. Hana! Na mimi nayaona kwa macho yangu, ya kijani, yamejaa!

Nilirudi nimefura. Wiki hiyo hiyo marehemu mume wangu akaniletea mtoto wa mbwa, mwekundu, sikio moja limelala. Hata kubweka alikuwa hajui. Nikambeba mpaka mpakani, nikamweka chini, nikarudi hatua kumi, nikapaza sauti: "Wachoyo! Wachoyo, njoo ule!"

Mama Restituta alikuwa anapalilia. Aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Miaka saba nilimwita hivyo, asubuhi na jioni.

Na mbwa mwenyewe, masikini, hakuwa na choyo hata kidogo. Alinifukuzia ngedere kwenye mahindi. Jumapili alinisindikiza kanisani, akalala nje mpaka misa iishe. Mume wangu alipofariki, mbwa yule alikaa kaburini siku tatu. Siku niliyoteleza bondeni nikavunjika mguu, ni yeye aliyekimbia akarudi na mtu. Na mtu huyo, wasomaji wangu, alikuwa Mama Restituta. Alinibeba mgongoni. Sikumwambia hata asante ya maana. Wala sikujiuliza, kwa nini mbwa alikwenda moja kwa moja kwake?

Mwaka jana, likizo ya shule, alikuja Koleta, kifungua mimba wangu. Yeye ni mwalimu, ameolewa Biharamulo, na alikuja na mumewe. Akaniambia, mama, tangu uzaliwe hujapumzika hata siku tatu. Twende ziwani ukapunge upepo, mama mkwe wangu amekualika.

Nilimcheka. Upepo! Bukiriro upepo umeisha? Lakini moyoni nilitaka. Umri wote huu, maji makubwa nilikuwa nayasikia tu.

Nikasema siendi bila mbwa wangu. Nilijisifu kwamba hali chakula cha mkono mwingine ila wangu, nikimwacha atakufa njaa. Koleta akamtazama mumewe, Sospeter. Yule kijana ana adabu, akajibu, "Hakuna shida, mama. Atapanda nyuma ya pikapu."

Tulipopita Kasulo, Koleta akaninong'oneza.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Jina la mbwa usilitaje mbele ya mama mkwe."

"Nimwiteje sasa?"

"Mwite hata Simba."

"Ana jina lake. Simba haitikii!"

Tukacheka wote wawili. Haitikii... Nilijuaje? Sikuwahi kujaribu hata mara moja.

Tulifikia kwenye nyumba za wageni pembeni kabisa ya ziwa. Mama Sospeter alitupokea kwa mikono miwili. Ni mama wa ofisini aliyestaafu, ana miwani, Kiswahili chake kimenyooka, hakina kujikwaa kama changu. Alikuwa anaogopa mbwa, nilimwona akisogeza gauni. Lakini ni yeye mwenyewe aliyemwekea maji kwenye beseni.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha, siwafichi. Mbwa alibwekea mawimbi kama anafukuza ngedere. Alikunywa ziwa, akashangaa haliishi, akaja kujikung'utia juu yangu! Nilikaa nimenyoosha miguu kwenye mchanga, mbwa kichwa chake kwenye paja langu, nikawaza, laiti mume wangu angeniona.

Siku ya tatu... Siku ya tatu ndiyo inayonifanya niandike.

Koleta na mumewe walikuwa wamekwenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kununua sato. Nilibaki na Mama Sospeter na dada yake. Wakatandika mkeka chini ya kivuli cha nyumba, wakafungua hotpoti za pilau na kuku. Mbwa nilikuwa nimemfunga kwa ukanda wa kitenge kwenye mguu wa benchi. Harufu ya kuku ikamzidi. Akaanza kulia na kuvuta benchi. Yule dada akakunja miguu, akasema kwa kicheko, "Jamani, huyu naye anataka sahani yake?"

Haikuwa tusi. Lakini mimi niliona aibu mpaka masikioni. Mnajua ukwe ulivyo huku kwetu. Mkwe mwenzako unakaa mbele yake kama uko mbele ya padri, na neno moja baya ulilotamka litahesabiwa mpaka kwa wajukuu.

Nikamfungua mbwa. Nikavua ndala, nikampiga nayo mgongoni. "Toka! Nenda huko!"

Hakuwa amezoea kupigwa na mimi. Alinitazama, kisha akaondoka mkia umelala, akifuata ukingo wa maji. Kule mbele kulikuwa na matete, na ndege weupe. Akawaona, akasahau huzuni yake, akakimbia.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akapiga ukelele. "Mbwa wa nani yule? Mwiteni! Kwenye matete pale pana mamba!"

Nilisimama. Mdomo nilifungua, naapa niliufungua! Jina likaja mpaka kwenye ulimi... Mkononi mwangu nimeshika paja la kuku alilonipa Mama Sospeter, mbele yangu amekaa Mama Sospeter. Nipaze sauti, "Wachoyo! Wachoyo!"? Atanifikiriaje? Mwanangu ataishije kwenye nyumba ile?

Nikafunga mdomo.

Mama Sospeter akaniuliza kwa haraka, "Mama Koleta, anaitwa nani? Tumwite!"

Nikajibu, "Hana jina. Sisi kwetu mbwa hatuwapi majina."

Miaka saba namwita, asubuhi na jioni... Hana jina!

Mama wa watu akakusanya viganja mdomoni, akaita, "Wewe mbwa! Mbwa, njoo!" Mbwa akasimama ndani ya maji, maji yamemfika tumboni. Akageuza kichwa. Hakumtazama aliyeita. Alinitazama mimi. Lile sikio zima lilisimama, linangoja.

Alingoja kama muda wa kusali Salamu Maria moja. Mimi nikatazama mkeka.

Nilisikia maji yakipasuka. Nilipoinua macho, ndege walikuwa juu wanaruka, na maji yameshatulia.

Ndipo sauti ikanitoka! Nilikimbia mpaka majini, gauni limelowa, nikaita lile jina mpaka koo likachanika. "Wachoyo! Wachoyo! Wachoyo!" Mwanamke wa dagaa ndiye aliyenishika kiuno akanivuta nyuma. Nimemwita sasa, wakati hakuna wa kuitika!

Mama Sospeter alikuja akanikumbatia, akaniuliza taratibu, wachoyo ni nani, mama? Nikamweleza yote nikiwa nimekaa mchangani. Alivua miwani, akafuta macho. Akasema, "Mama Koleta, ningecheka tu. Mbwa wa baba yangu aliitwa Mtasema Mchoke."

Mnaona? Hata aibu yenyewe haikuwepo. Niliibeba mimi tu kutoka kwangu.

Koleta aliporudi na samaki wake, hakunisema. Afadhali angenisema. Kesho yake tukarudi Ngara, nyuma ya pikapu beseni lile la maji limekaa peke yake. Mama Sospeter alikuwa amenipa, eti kumbukumbu. Njia nzima lilikuwa linagongagonga.

Siku ya pili Mama Restituta akaja na sahani ya maharage imefunikwa.

"Pole sana, Mama Koleta. Nimeona umerudi, mbwa simwoni."

Nikamwambia. Alikaa chini palepale mlangoni, sahani mapajani. Alilia, na mimi nikamshangaa. Wewe, umlilie huyu? Akaniambia mbwa alikuwa kwake karibu kila siku, kila nikienda Ngara mjini au shamba la mbali. Alikuwa anampa ugali na mchuzi wa dagaa.

Na mimi nilijisifu kwamba hali mkono mwingine!

Nikamuuliza, "Ulikuwa unamwitaje?"

"Lile jina? Lilikuwa langu lile, ningejiitaje mwenyewe? Nilikuwa nasema tu, 'Njoo, baba.' Anakuja. Mbwa anajua nini habari ya jina? Anaitika sauti."

Anaitika sauti... Kwa hiyo ningeita Simba. Ningeita baba. Ningepiga kelele tu kama mwehu, bila neno, angerudi!

Nikamuuliza na lile la machipukizi, maana lilikuwa limenikaa miaka saba. Akasema siku ile niliyokwenda, mgomba wake wa kule chini ulikuwa umeanza kutoa usaha wa njano. Aliogopa kunipa ugonjwa mara ya pili. Mbona hukuniambia? "Ulikuwa umeshaondoka umekasirika. Wiki haikuisha, nikasikia mbwa anaitwa."

Wasomaji wenzangu, nimekuwa mkali maisha yangu yote, na leo mtanivumilia niwe mkali kwenu. Ukiwa na neno na jirani yako, mfuate jirani, mwambie, mgombane, yaishe. Usimvike mnyama hasira zako. Nilimbebesha mbwa yule chuki isiyomhusu, na siku alipohitaji mdomo wangu, chuki hiyo hiyo ikaufunga. Na mkimpeleka mbwa wenu mahali pageni, ziwani au popote, msimpige mkamfukuza kwa ajili ya macho ya watu. Yeye hajui kuna watu. Anakujua wewe tu.

Mimi kuungama nimeungama. Padri alinipa sala za kusali, nimezisali. Lakini lile sikio lililosimama likingoja... hilo hakuna aliyenieleza nilifanyeje.

Jioni zinanisumbua. Nikisimama uani mdomo unafunguka wenyewe, kwa mazoea. Upande wa pili wa mpaka Mama Restituta anainua kichwa, ananitazama.

Basi namwita yeye, kwa jina lake.