Kibao Alichokiandika Bila Kukisoma

"Mwanangu, hebu shuka hapo kwenye ngazi."

"Mama, nimebakiza herufi mbili. Mgahawa unafunguliwa saa sita."

"Nimesema shuka. Njoo usimame hapa nilipo mimi, usome ulichokiandika."

Brashi akashuka huku ananung'unika, kopo la rangi mkononi. Jina hilo la Brashi binti huyu alipewa na mtaa mzima, na halikuwa la bure. Hakuna kibao katika mtaa ule wa kale ambacho hakikupita mkononi mwake, na siku hizi kazi haziishi. Kila wiki nyumba moja ya zamani inakwanguliwa kuta, inapakwa rangi, kesho yake utakuta mgahawa mpya wenye viti vya chuma na menyu ya kurasa nane.

Lakini huu wa leo ulikuwa wa mchumba wake, Mpishi. Uko chini ya nyumba ileile ambayo mama yake Brashi amepanga ghorofani tangu Brashi hajazaliwa. Nyumba ni ya urithi, ya Mpishi na dada yake mkubwa. Harusi ilikuwa keshokutwa, Jumamosi.

Akarudi nyuma hadi aliposimama mama yake na kikapu cha sokoni, akasoma.

CHINI CHAKULA. JUU VYUMBA VITANO VYA WAGE

"Juu kuna vyumba vingapi?" Mama akauliza.

"Vitano."

"Viwili anakaa nani?"

"Wewe."

"Na vile vitatu?"

"Vyetu, tukishaoana."

"Sasa hao wageni watalala wapi, juu ya bati?"

Brashi akasoma tena.

Utauliza mtu anaandikaje asichokijua. Waulize wachora vibao. Brashi alifundishwa na marehemu baba yake kwamba ukisoma unachoandika, mkono unakimbilia neno linalofuata na herufi zinakuja kupinda. Kwa hiyo yeye hupokea maneno, huhesabu herufi, hupiga mistari ya chaki, kisha huchora moja moja kama mtu anayechora vikombe. Maana ya maneno ni shauri la mwenye kibao. Miaka kumi na moja amefanya hivyo na hajawahi kujuta.

Akapiga simu. Mpishi alikuwa bado sokoni, sauti za wauza samaki nyuma yake.

"Mpenzi, kibao tayari?"

"Vyumba vitano vya wageni ni vipi?"

Mpishi akamwambia muuza samaki asubiri kidogo.

"Nakuuliza wewe."

"Si nilikuambia Jumatatu?"

"Uliniambia wapi?"

"Kwenye meseji. Ukajibu sawa."

Brashi akakata simu, akafungua meseji. Ni kweli zilikuwepo.

Mpishi: "Mpenzi maneno ya kibao ni haya. CHINI CHAKULA. JUU VYUMBA VITANO VYA WAGENI. Kama una neno lolote niambie."

Brashi: "Sawa. Herufi 36, zinaenea. Nitaanza Jumatano."

Jamani. Mtu ana jambo la kumhamisha mama mkwe wake, mwanamke aliyemlisha yeye mwenyewe akiwa kijana hana kazi, halafu analipitishia kwenye oda ya kibao. Na akijibiwa sawa ya vipimo, anaihesabu kuwa sawa ya moyo. Utamwitaje mtu kama huyo?

Brashi hakutafuta jina. Alichukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akapanda ngazi na kuanza kufuta.

Mpishi alipofika na ndoo yake ya samaki, majirani walioalikwa kwenye ufunguzi walikuwa wameshaanza kukaa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameacha nyundo yake kabisa, anaangalia. Mpishi akasimama chini ya ngazi. Akamtazama Brashi, akawatazama watu, akatoa simu mfukoni.

Simu ya Brashi ikalia ting juu ya ngazi. Akaisoma kwa sauti, mtaa wote ukasikia.

"'Naomba tuongee ndani watu wanaangalia.'" Akamtazama. "Uko chini ya miguu yangu na unanitumia meseji?"

"Shuka basi tuyamalize."

"Yamalize hapo hapo ulipo. Sema kwa mdomo. Mama yangu anakwenda wapi?"

"Kuna chumba kizuri kule mji mpya. Nimeshakiona. Kina maji ndani."

"Umekiona na nani?"

"Peke yangu."

"Na sisi?"

"Sisi tungepanga karibu naye. Mpenzi, mtaa huu umebadilika. Kila nyumba ina wageni. Tukibaki nyuma tumekwisha."

"Mimi sijakataa wageni. Miaka mitatu ya uchumba nilikuomba kitu kimoja tu, kipi?"

Mpishi akaangalia ndoo.

"Kipi?"

"Mama asihame."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hahami."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha chuma, kikapu mapajani. Akamwambia Mpishi taratibu, "Baba, jana asubuhi umepanda juu kunijulia hali. Ukanywa chai, ukaniuliza mguu wangu unaendeleaje. Hukuona nafasi ya kuniambia?"

"Nilishindwa, Mama."

"Ulishindwa, lakini chai ulimaliza."

Fundi viatu akakohoa kuficha kicheko.

Hapo ndipo Dada Mkubwa akatoka jikoni, vitambaa vya meza begani. Yeye ndiye aliyemlea Mpishi baada ya wazazi wao kufariki, na ndiye aliyemsemea kila mahali tangu shule ya msingi.

"Nani anafuta kibao chetu?"

"Mimi, wifi," Brashi akajibu.

"Wifi, tusivunjiane heshima siku ya leo. Mambo haya tulishakubaliana."

"Ulikubaliana na nani?"

"Na mama yako. Amekubali kuhama baada ya harusi."

Mama akainua kichwa. "Mimi?"

"Mdogo wangu aliniambia. Nilimuuliza mara mbili, maana mimi simtoi mtu mzima ndani ya nyumba kama gunia. Nikamwambia, mama amekubali kweli? Akasema amekubali, na tena amefurahi."

Dada Mkubwa akamgeukia mdogo wake, na uso wake ukabadilika.

"Ulimwambia au hukumwambia?"

Mpishi akaiweka ndoo chini.

"Yaani umenifanya mimi mchawi wa nyumba hii, na mama wa watu hajui lolote?"

"Dada, nilitaka kwanza harusi ipite."

Brashi akashuka. Mpaka dakika ile alidhani mchumba wake ni mwoga. Mwoga unaweza kuolewa naye, ukaishi naye, ukamzoea. Huyu alikuwa amewadanganya wanawake watatu kwa wiki moja, na mwongo wa kiasi hicho ataanza lini kusema kweli, akishapata watoto?

Akavua pete. Mpishi akanyoosha mkono, lakini Brashi akampita, akaenda kwa Dada Mkubwa.

"Wifi, posa uliileta wewe. Siku ya pete yeye alitetemeka, ukanivisha wewe. Aliyenichumbia ni wewe. Pokea."

Dada Mkubwa akaipokea, machozi yakamlengalenga. "Wifi, sina la kukwambia."

"Wewe huna kosa kubwa."

Ndipo Mpishi akasema, kwa sauti ambayo hata wa meza ya mwisho waliisikia. "Dada, Mama hahami. Vyumba vyake viwili haviguswi. Sehemu yangu ya nyumba hii naiweka dhamana, na kama ni karatasi tutaandikishiana Jumatatu."

"Sawa," Dada Mkubwa akasema. "Na mimi ni shahidi."

Mpishi akamgeukia Brashi. Macho yalikuwa mekundu. "Umenisikia? Nimesema."

"Nimekusikia. Umesema, na hujafa."

"Basi vaa pete yetu."

"Mama yangu umemrudishia vyumba vyake. Asante, na nitaisubiri hiyo karatasi. Lakini mimi ningekuwa mke wako wa kusoma mambo yangu kwenye vibao. Kesho ungeniachia taarifa ya mke wa pili ukutani, nikaichora vizuri na kuipaka vanishi. Hapana. Harusi haipo."

"Brashi, nakupenda."

"Najua. Hilo sijawahi kulitilia shaka, ndiyo maana linauma."

Akakusanya makopo yake, akachukua kikapu cha mama yake, akamshika mkono wakapanda ghorofani. Mgahawa ulifunguliwa saa sita kama ilivyopangwa, na watu walikula. Juu, Brashi alilia mpaka jioni, kichwa mapajani kwa mama yake, kwenye chumba kilekile alichozaliwa.