Mgeni wa Saa Saba Mchana

Kompyuta iliyokufa huwa baridi. Ponsiano alilijua hilo kwa miaka kumi na tisa ya ufundi pale Korogwe, kama mwenye bucha anavyoijua nyama iliyolala. Ndiyo maana alipoigeuza laptop iliyotoka Handeni, betri ameshaitoa, waya wa umeme uko sakafuni, akaukuta mgongo wake una joto la shavu la mtoto mwenye homa, aliurudisha mkono.

Ilikuja na barua yenye kumbukumbu namba ndefu kuliko maelezo. Kijiji kimoja huko mbele ya Kwedizinga kilimwomba aitengeneze au, ikishindikana, athibitishe kwa maandishi na muhuri kwamba kifaa hakiwaki, ili kamati ikae, ipendekeze kamati nyingine ikae, kisha kifutwe kwenye rejista. Binadamu wa kijiji hicho hufa kwa shughuli ndogo kuliko hiyo.

Aliyeileta alikuwa Mwanaisha, mtendaji wa kijiji mwenyewe, ameifunga kwenye kanga.

"Imekaa kabatini miezi minane, fundi. Ikiwaka sawa. Isipowaka, sawa zaidi."

"Nani alikuwa anaitumia?"

"Karani wetu, Jacob. Aliacha kazi." Alilijibu hilo haraka, akageukia mlango, kisha akasita. "Ripoti nitaifuata mwenyewe. Nitakuletea ndizi za nyumbani."

Ponsiano alijikuta anatabasamu, akashangaa. Tangu mkewe Yuditha azikwe, mwaka wa pili huo, tabasamu lake lilikuwa kama stoo: halifunguliwi bila sababu. Binti yake Rhoda yuko Dodoma, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine sita mtu aliyezungumza naye alizungumza habari za chaja.

Saa mbaya kuliko zote ilikuwa saa saba mchana. Twaha wa viatu hufunga, kinyozi hufunga, kila mwenye kwake huenda kula kwake, na mtaa hubaki jua tupu. Wazee husema hiyo ndiyo saa majini hutembea. Ponsiano aliona ni maneno ya watu wanaotafuta sababu ya kulala.

Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alipima chaja: nzima. Alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia nusu dakika, kuondoa umeme uliosalia ndani: kimya. Alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua kwa ufutio wa shule, akavirudisha: kimya. Alichomoa diski, feni, spika, mpaka pakabaki ubao mtupu na kile kitufe. Bado joto.

Saa saba ikafika. Janeth, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, akaleta wali maharage, akaondoka. Ponsiano akanawa, akamega tonge la kwanza, na hapo akasikia mtu anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye adabu anayetaka ajulikane yupo.

"Karibu tule," alisema bila kuinua kichwa.

Hebu tuelewane. Karibu tule si mwaliko. Ni salamu. Kila mtu aliyelelewa huisema kwa yeyote anayemkuta na sahani, na kila mtu aliyelelewa hujibu ahsante, nimeshiba, hata kama ana njaa ya siku mbili. Nchi ingekuwa imefilisika zamani kama watu wangeikubali.

"Nakuja," sauti ikajibu.

Ponsiano akainua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Juu ya ubao ule, usio na betri, usio na waya, taa ndogo ya kitufe ilikuwa imewaka, nyeupe, na dukani paliingia harufu chachu ya mkonge uliotoka kusagwa, harufu ambayo baba yake alikuwa akirudi nayo kutoka shambani miaka ile. Kisha akasikia kutafuna. Taratibu, mdomo umefumbwa, kwa heshima zote.

Mtu mwingine angekimbia. Ponsiano alisimama, miguu ikapiga hatua mbili, na sauti ikamuuliza, "Umeamkaje leo?"

Mwaka wa pili ule hakuna aliyemuuliza hivyo, akasubiri jibu. Akaketi.

Wiki ya kwanza alijiambia anachunguza hitilafu. Wiki ya pili aliagiza sahani mbili. Saa saba ikigonga taa huwaka, harufu huja, na yule mgeni huuliza: Yuditha alipenda nini? Alicheka vipi? Ponsiano alisimulia mpaka koo likakauka. Hakuona kwamba chakula alichokula kilikuwa hakina chumvi wala ladha, wala kwamba mkanda wake ulikuwa umehamia tundu ambalo halikuwepo, alilitoboa mwenyewe kwa msumari.

Janeth aliona. "Shikamoo, mjomba. Sahani ya pili ya nani?"

"Marahaba. Ya mgeni."

"Mgeni gani asiyetoka?" Akanusa, akashusha sauti. "Mjomba, humu ndani mbona panatafunwa?"

Akamfungia mlango.

Jioni hiyo Mwanaisha akapiga simu kuulizia ripoti. Ponsiano akasema bado, kuna mgeni wa kompyuta hiyo anakula naye dukani.

"Fundi," Mwanaisha alinong'ona, "umemkaribisha?"

Ndipo akamwambia. Jacob hakuacha kazi. Jacob alikuwa mpweke, amepangiwa kijiji asikojuana na mtu, akaanza kula ofisini, mlango umefungwa. Wilaya ilimwandikia barua tatu za utoro, na zote tatu zilipitishwa chini ya mlango ambao yeye alikuwa nyuma yake, kitini, mbele ya kompyuta. Walipovunja alikuwa hai, mwepesi kama kikapu. Alikufa njiani. Kwenye faili iko barua ya nne, inamfukuza kazi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeiandika wapi, fundi? Kwenye fomu hakuna sehemu hiyo." Alikuwa analia.

Kesho yake Janeth akamleta shangazi yake kutoka Kerenge, Bibi Shida, mganga mfupi mwenye kibegi cha shule. Ponsiano akamwamkia. Bibi hakuchoma udi wala kudai kuku.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Alikaribishwa. Aliyekaribisha ndiye hufukuza. Saa saba ikifika, funika sahani, mwambie chakula kimekwisha, aende."

"Nimwambie mgeni hivyo?" Ponsiano aliona aibu, aibu ya kweli.

"Hivyo hivyo. Mimi nitashika mlango tu."

Saa saba ikafika. Taa ikawaka. Ponsiano akaishika sahani, na kabla hajaifunika sauti ikaanza kusema, na safari hii ilikuwa sauti ya Yuditha, pamoja na kwikwi yake ya kicheko, ikimwambia kwamba mlango huo ukifunguka kila mtu atarudi kwake na yeye atabaki na chaja za watu, kwamba Rhoda hatapiga kabla ya Jumapili, kwamba hakuna mwingine chini ya jua anayejua alivyocheka mkewe, na jinsi ilivyosema ndivyo harufu ya mkonge ilivyojaa mpaka Janeth akatapika nje, na machozi yakamdondokea Ponsiano kwenye wali.

"Sema," Bibi Shida akanong'ona.

"Chakula..." Akashika kifuniko. "Chakula kimekwisha."

Kutafuna kukakoma.

"Kilikwisha wiki iliyopita, Ponsi," ikasema sauti ya Yuditha, kwa upole. "Hukushangaa nimeendelea kutafuna?"

Akaitazama mikono yake juu ya sahani, mifupa na ngozi, na kwa mara ya kwanza akaiona. Akaifunika sahani kwa kishindo, akapiga kelele, "Nenda! Nenda zako!" mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Taa ikazimika. Bibi Shida akaugusa ubao kwa kidole.

"Baridi," akasema.

Ponsiano akaandika ripoti: kifaa kimepimwa, hakiwaki. Akagonga muhuri.

Siku ya tatu Mwanaisha alishuka kwenye basi la mchana. Mtaa ulikuwa mtupu. Ponsiano alikuwa mezani, anakula. Wali sasa ulikuwa na chumvi. Alimwona akija juani na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, kanga ile ile begani, akasimama kizingitini.

"Hodi, fundi."

Alimjua. Alikuwa amemsubiri tangu asubuhi, amenyoa ndevu. Alifungua mdomo, na neno karibu likafika ulimini lisitoke, na mkono wake wa kushoto ukaizunguka sahani.

"Hodi," Mwanaisha akarudia, taratibu zaidi.

Alisubiri muda ambao adabu inadai, na kidogo zaidi. Kisha akauweka mkungu kizingitini, akaichukua ripoti iliyokuwa kwenye kiti cha mlangoni, akarudi kituoni. Ponsiano alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye jua, anatafuna, mdomo umefumbwa.